Dakika Arobaini za Gundi

Mtu akishafika umri fulani huanza kuulizwa maswali ya ajabu. Bibi yangu, mama yake mama, ana miaka sabini na tisa. Meno yake ni yale yale isipokuwa mawili, na asubuhi hutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kila mteja anayeingia kwenye karakana yake ya kujalidi vitabu humtazama, akasahau kilichomleta, kisha akauliza: "Bibi, siri yako ni nini?"

Bibi hana siri. Ana adabu tu, na hapendi mgeni aondoke mikono mitupu, kwa hiyo kila mmoja humpa ya kwake. Mwalimu mmoja aliambiwa kwamba Bibi hajala kitu chenye rangi ya chungwa tangu alipokuwa msichana. Karani wa mahakama aliambiwa siri ni kulalia ubavu wa kushoto siku za kazi na wa kulia siku za mapumziko. Mwanafunzi aliyeleta tasnifu yake kujalidiwa aliambiwa asikubali posa ya mwanamume anayekula amesimama. Wote waliandika. Yule karani aliuliza mpaka habari za sikukuu.

"Bibi, kwa nini unadanganya watu?"

"Nimemdanganya nani, mume wangu?" Ndivyo anavyoniita, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Nikimuudhi huniita mume wa mwenzake. "Mtu akikuomba kitu usichokuwa nacho, unampa kisichokuwepo. Mnaachana kwa amani."

Mimi nilimwamini kwamba hana siri. Nilikuwa nimefanya naye kazi mwaka mzima, tangu mimi na chuo tuachane katikati ya stashahada ya biashara (chuo kinasema niliacha, mimi nasema tulikubaliana), na katika mwaka huo sikuona cha ajabu. Niliona bibi mmoja mwembamba mwenye kidole gumba kigumu kama kisigino, akipoteza muda.

Karakana ni chumba kimoja cha chini kwenye jengo la ghorofa tatu. Ukiingia, mkono wa kulia kuna meza ndefu ya mbao nzito. Katikati ya chumba kinasimama kibano cha chuma, mashine yenye gurudumu juu inayokandamiza vitabu vikauke vimenyooka. Kwenye kona kuna jiko dogo na sufuria ambayo haijawahi kupika chakula. Kwenye ile sufuria Bibi hupika gundi. Kila asubuhi anakoroga unga wa ngano kwenye maji baridi, anaweka motoni, anasonga taratibu mpaka uji uwe mzito na kung'aa, kisha anatupia karafuu mbili ili usichache. Chumba kizima kinanukia kama nyumba inayosubiri wageni.

Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na minane, kwenye kiwanda cha chapa chenye ukumbi wa wanawake thelathini walioshona kurasa toka asubuhi hadi jioni. Msimamizi wao walimpachika jina la Kengele. Gundi ikishapakwa migongoni mwa vitabu, alipiga kengele, na wanawake wote walinawa mikono na kutoka ukumbini. Hakuna kugusa meza, hakuna kuanza kitabu kingine. Dakika arobaini zikitimia, anapiga tena, wanarudi.

"Alikuwa anawaonea huruma?" niliwahi kuuliza.

"Kengele? Yule hakumhurumia hata mkewe. Aliogopa vitabu vipinde. Wanawake thelathini wakiegemea meza huku wanasengenyana, utapata kitabu kilichonyooka hapo?"

Basi Kengele alishakufa, kiwanda kilishafungwa, na Bibi akafungua karakana yake mwenyewe, lakini ile kengele ilibaki ndani yake. Saa mbili asubuhi anapaka gundi ya kwanza, ananawa mikono, anachukua mfuko wa vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye majalada na kumpelekea fundi viatu, mitaa mitatu mbele. Huyo fundi viatu tunamwita Waziri, kwa sababu serikali nzima huiendesha yeye kutoka kwenye kibao chake cha kukalia. Bibi humpa ngozi, humpinga kwa kila alichosema, kisha hurudi kwa njia ndefu, maana kwenye njia fupi kuna mbwa ambaye wamekosana naye.

Saa nne, gundi ya pili. Anakunywa vikombe viwili vya maji, anapanda kwenye chumba chake ghorofa ya tatu kuanika au kuanua nguo. Ngazi ni hamsini na nne. Najua kwa sababu nilizihesabu siku niliyombebea godoro.

Saa sita na nusu, gundi ya tatu, na chakula: wali kidogo, maharage, mboga za majani nyingi, tunda. Anakula polepole kama mtu anayesoma barua. Mara nyingi huacha kabla sahani haijaisha, wala si kwa kujinyima; ni kwamba gundi imekauka. Ya nne inamkuta amejilaza kwenye mkeka nyuma ya mlango, leso usoni, na ole wako umwite. Ya tano anakaa nje na majirani kuchambua walio hai na waliokufa. Saa kumi na moja vitabu vinaingia kwenye kibano, na saa tatu usiku Bibi amelala fofofo.

Sasa mweke hapo kijana aliyefundishwa nusu ya biashara. Kwenye ile nusu niliyoipata kulikuwa na somo zima kuhusu muda unaopotea kazini. Nilichukua daftari na simu, nikampima Bibi siku tatu bila kumwambia. Katika saa tisa za kazi, alikaa mezani saa tano na dakika arobaini tu. Zilizobaki alikuwa anatembeatembea, anapanda, analala, anabishana na Waziri. Nilitaka kulia.

Nikaenda dukani nikarudi na kopo la gundi nyeupe ya kisasa. Inakauka kwa dakika tano.

"Inakauka kabla hujanawa mikono?" Bibi alilishika kopo mbali na uso kama mtoto aliyejikojolea. "Ina haraka ya kwenda wapi? Nani anaifukuza?"

"Bibi, shule inataka rejista mia mbili. Kwa uji wako tutamaliza nikiwa na mvi."

Hilo la rejista lilimlegeza. Bibi hajawahi kukataa kazi. Nikamletea na kiti cha magurudumu asihangaike kuinuka, nikamwekea beseni la kunawia karibu na kiwiko, nikapanga uzi, sindano, mkasi na nta vyote mahali mkono unapofika. Ngozi nilimpelekea Waziri mimi mwenyewe, gunia zima kwa mara moja, yaishe. Nguo nikaanza kumwanikia mimi. Chakula nikamwekea mezani, ale huku anashona.

Mashallah, tulikimbia! Vitabu vilivyokuwa vinachukua wiki vikachukua siku mbili. Nilipita karakanani kifua mbele kama niliyevumbua gurudumu. Miezi miwili ile sikusikia hata harufu ya karafuu.

Dalili zilianza na viatu. "Vimesinyaa," Bibi alisema, akivitazama kwa chuki. Viatu havikuwa vimesinyaa. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kifundo kimepotea. Kisha usingizi ukamkimbia. Saa nane usiku yuko macho anahesabu mabati ya jirani. Kisha siku moja akaingia mteja mpole, mama mtu mzima mwenye kitabu cha dua kilichochanika, akauliza lile swali la siku zote, siri yako nini.

"Toka," Bibi alisema.

Hapo ndipo nilipojua anaumwa. Bibi hajawahi kumnyima mtu uongo.

Wiki hiyo hiyo kizunguzungu kilimshika kwenye ngazi ya ishirini na kitu. Alidaka reli, akakaa chini, na nilipofika alikuwa anaitukana ngazi kwa jina. Tukaenda zahanati. Nesi, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yasiyodanganyika, alimfunga kile kitambaa mkononi, akabonyeza, akasoma: mia moja sabini na nane juu ya mia moja na nne. Akarudia. Ikawa vile vile.

"Bibi, presha yako imepanda sana. Nakupa dawa, meza kila siku bila kuruka. Chumvi punguza. Rudi kila wiki nikupime, halafu baada ya wiki nne daktari aamue."

Taarifa zilimfikia Mama Mkubwa kabla hatujafika nyumbani. Mama Mkubwa ni dada yake mama, binti wa kwanza wa Bibi, na kwenye ukoo wetu yeye ndiye anayeamua mvua inyeshe lini. Alisimama katikati ya karakana na mkoba wake kwapani, hakutaka hata kukaa.

"Mama, basi. Kazi imetosha. Nakupa hizo wiki nne. Presha ikiwa bado juu ya mia moja na hamsini, nakuja na gari, tunafunga hapa, unahamia kwangu. Kwangu hakuna ngazi. Kuna kochi, kuna televisheni, kuna msichana wa kazi wa kukuletea hata maji ya kunywa. Hutagusa kitu."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

Bibi alitazama kibano, akatazama meza, akatazama ukuta ambapo sindano zake zimechomekwa kwa safu toka ndogo hadi kubwa. Mama Mkubwa alipoondoka ndipo aliposema: "Umemsikia mwanangu? Anataka kunijalidi. Anibane katikati ya mbao mbili, nikinyooka aniweke rafuni."

Alicheka, akarudi kwenye uzi wake. Mimi sikucheka. Karakana ile ndiyo iliyosomesha binti zake wote wawili. Ukimtoa mle, sijui ungebaki na nani.

Nikatoa lile daftari la kupimia muda, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu: NI NINI? Maana lazima kulikuwa na kitu. Mtu hapandi ngazi hamsini na nne kila siku kwa miaka thelathini, halafu ghafla ngazi ile ile imwangushe.

Nilianza na chumvi. Nikachukua jiko, nikapika mwenyewe. Bibi alionja, akaweka kijiko chini. "Umepika nini, mume wangu? Majuto?" Lakini alikula. Dawa nilimpa kwa saa. Wiki ya kwanza ikasoma mia moja na sabini. Nesi alikuna kichwa. "Imeshuka, lakini kwa uvivu. Kuna kitu kimebadilika nyumbani? Chakula? Msiba? Ugomvi?"

"Hakuna," alisema Bibi.

"Hakuna," nikasema na mimi, mwerevu wa ukoo.

Niliandika kila alichokula, kila alichokunywa, nani alimtembelea, aliota nini. Chakula kilikuwa kile kile. Nilimshuku jirani anayeleta maandazi. Nikamshuku mchele. Siku mbili nilimshuku yule mbwa. Mwisho, kwa kuwa miguu haikuingia tena viatuni, nilibeba vile viatu kwa Waziri avitanue kidogo.

Waziri alivipokea bila kuacha kuongea habari za bajeti. Akavigeuza juu chini, na hapo akanyamaza. Waziri kunyamaza ni jambo la kutangazwa redioni.

"Hivi vya bibi yako?"

"Vya nani tena?"

"Nilivitia soli mpya miezi mitatu iliyopita, akaondoka navyo mkononi. Angalia." Akanisogezea. Katikati ya soli, karibu na kisigino, kulikuwa na namba saba ya chaki. Kila kiatu anachotengeneza hukiandikia namba asikichanganye. "Chaki yangu hii. Bibi yako huifuta siku ya kwanza tu akivivaa kuja hapa. Kwa miaka yote, kila baada ya miezi minne nambadilishia soli, zinalika kama sabuni. Siku hizi anaruka angani?"

Nikabaki nimetumbua macho kwenye ile saba.

"Na mimi nilidhani kanikasirikia," Waziri aliendelea, sauti imeshuka. "Umeniletea gunia la ngozi kama mtu anayelipa faini, yeye simwoni. Nikajiuliza, nimemkosea nini? Nilisema neno gani? Mke wangu akaniambia, kwa mdomo wako, lolote linawezekana."

"Ni lini umemwona mwisho?"

Akanitajia. Nilifungua daftari pale pale, nimesimama juani. Ilikuwa siku moja kabla ya kopo la gundi nyeupe.

Nilirudi kwa njia ndefu, bila kujua kwamba nimeichukua. Nilipofika nikageuka, nikaipima kwa hatua: toka mlangoni kwetu hadi kwa Waziri na kurudi kwa kumkwepa mbwa, hatua elfu mbili mia tatu na kitu. Ongeza ngazi, kupanda na kushuka. Ongeza maji, maana Bibi hanywi maji akiwa kazini, anaogopa kulowesha karatasi. Huyanywa wakati gundi bado mbichi, anangoja ikauke. Ongeza ule mkeka nyuma ya mlango. Ongeza majirani. Vyote hivyo nilikuwa nimeviandika miezi mitatu nyuma kwenye daftari lile lile, chini ya kichwa cha habari MUDA ULIOPOTEA, nikapiga na mstari mwekundu.

Yaani nilikuwa nimeitafuta siri ya bibi yangu, nikaipata, nikaifuta.

Nilimweleza jioni hiyo. Alinisikiliza huku anapaka nta kwenye uzi.

"Kwa hiyo Kengele ndiye aliyeniweka hai?"

"Kwa namna fulani."

"Haiwezekani. Yule mtu hakuwahi kunifanyia jema."

Mama Mkubwa naye nilimweleza kwa simu, na yeye, kama kawaida yake, alitenda kabla sijamaliza sentensi. Kesho yake ikafika jozi ya raba nyeupe za mazoezi, kubwa kama mikate. Tukamvisha Bibi, tukampeleka uani, nikamwambia azunguke mara kumi.

Alizunguka mara mbili, akasimama.

"Nakwenda wapi?"

"Huendi popote, Bibi. Unafanya mazoezi."

"Asiyekwenda popote hukaa." Akakaa kwenye ndoo, akavua raba, akanikabidhi. "Toka nizaliwe sijatembea bure. Watu wananichungulia madirishani wanadhani nimepotea."

Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwambia ajifanye anamfuata mdeni wake. Wapi. Wiki ya pili ikasoma mia moja sitini na sita. Zilibaki siku kumi na nne, na Mama Mkubwa alikuwa ameshapiga picha ya kochi na kututumia.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikashuka karakanani, nikachukua kopo la gundi nyeupe na kumpa seremala wa jengo la pili. Nikasukuma kile kiti cha magurudumu uvunguni mwa meza. Uzi nikarudisha kwenye kabati la mwisho, mkasi ukutani, beseni uani. Bibi aliposhuka alinikuta nimesimama mbele ya jiko na unga, sufuria ikiwa na kitu chenye mabonge kama changarawe.

"Unafanya nini, mume wangu?"

"Napika gundi."

Alichungulia. "Hiyo ni ajali." Akanisukuma kando kwa nyonga. "Maji baridi kwanza. Unga unaingia kwenye baridi, moto unakuja nyuma. Hata hilo hukufundishwa chuoni?"

"Sikufika huko."

Alikoroga. Karafuu zikaingia, chumba kikanukia, na nakuapia mabega yake yalishuka inchi nzima. Akapaka migongo ya rejista kumi, akanawa mikono, akasimama mlangoni amechanganyikiwa kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Waziri anasema umemkasirikia," nikamwambia.

"Nani kasema? Huyo mzushi? Lete mfuko."

Siku hiyo ya kwanza alipumzika mara mbili njiani, na mimi nyuma yake nikijifanya nimepita tu. Waziri alimwona kwa mbali, akasimama na kiatu cha mtu mkononi.

"Nani huyu? Nimeambiwa umehamia mbinguni."

"Nilifika mlangoni. Nikasikia na wewe unasubiriwa, nikarudi."

"Karibu ukae, mama."

"Sikai. Nimekuja kukwambia kwamba ulichosema kuhusu bajeti ni upuuzi."

"Hujasikia nilichosema!"

"Nakujua."

Hawakuwa wameonana miezi mitatu, kwa hiyo kulikuwa na mengi ya kupingana. Gundi ilikauka, ikakauka tena. Niliwaendea watu wa shule kuomba wiki mbili zaidi kwa rejista zilizobaki, nikasemwa mpaka nikajiona mfupi. Sikumwambia Bibi. Yeye alipanda ngazi zake, siku ya kwanza na mapumziko manne, wiki iliyofuata na moja. Alikula, akaacha, akajilaza. Usingizi ulirudi kama paka, bila taarifa. Wiki ya tatu tukasoma mia moja hamsini na saba, na kifundo cha mguu kikaonekana tena, kama jamaa aliyekuwa safarini.

Siku ya wiki ya nne Mama Mkubwa alikuja na gari kweli. Ndani mlikuwa na maboksi matupu. Aliyaacha yaonekane.

Walibishana njia nzima. Walibishana wakipanda ngazi za zahanati, nani alimlea nani vibaya. Bibi aliingia kwa nesi bado anahema, akanyoosha mkono, kitambaa kikabana.

"Mia moja hamsini na mbili," nesi alisoma.

Mama Mkubwa hakufurahi, namtetea hapo. Machozi yalimlengalenga. "Mama, tulikubaliana," akasema polepole.

Bibi alitazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Kisha akamgeukia nesi. "Mwanangu, nimeingia sasa hivi na mdomo haujafunga. Umepima gundi mbichi."

Nesi aliniangalia mimi nitafsiri.

"Anaomba apumzike kwanza," nikasema.

"Na ana haki," nesi akasema. "Kosa langu hilo. Anatakiwa akae ametulia kwanza, miguu chini, asiongee. Dakika tano. Na nyinyi wawili mdomo koma."

Sijawahi kuona dakika tano ndefu namna hiyo. Bibi alifumba macho, mikono mapajani, viganja juu, kama vile vimetoka kunawa. Saa ya ukutani iligonga. Mama Mkubwa alikunja na kukunjua kona ya mkoba wake. Mimi nilihesabu ngazi hamsini na nne kichwani, nikapanda, nikashuka.

Kitambaa kikabana tena.

"Mia moja arobaini na sita juu ya themanini na nane."

"Rudia," akasema Mama Mkubwa.

Akarudia. Mia moja arobaini na tano.

"Bado hatujafika tunakotaka," nesi alisema, "na dawa huachi, Bibi, hata ukijisikia msichana. Lakini mnakwenda vizuri sana. Mmefanya nini?"

Nikamweleza habari za gundi. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema ni dawa, ni chumvi, ni miguu, ni usingizi, yote pamoja, na hawezi kuandika gundi kwenye faili. Mimi bado najiuliza. Je, ni zile hatua elfu mbili? Ni maji? Ni sahani isiyoisha? Au ni kuwa na mtu mmoja wa kumpinga kila asubuhi saa mbili? Daftari liko wazi. Safari hii sijapiga mstari mwekundu popote.

Mama Mkubwa alivuta pumzi. "Sawa. Mia moja na hamsini nilisema, mia moja na hamsini ni neno langu. Lakini kila Jumamosi nakuja kukagua."

"Njoo," Bibi alisema, akishusha mkono wa gauni. "Zile raba zako zipo, hazijachakaa. Saa mbili napaka gundi, sitakusubiri. Twende, nina vitabu sita kwenye kibano."

Kwenye benchi la nje alikuwepo mama mmoja, mwenye cheti mkononi, aliyekuwa amemwona Bibi akipanda zile ngazi huku anagombana. Alimshika kanga.

"Samahani, Bibi. Una miaka mingapi?"

"Sabini na tisa."

"Siri yako ni nini?"

Nikasubiri. Rangi ya chungwa, ubavu wa kushoto, nilikuwa tayari kwa lolote. Bibi alifikiri kidogo, akanitupia jicho.

"Unga wa ngano, konzi mbili," alisema. "Maji baridi kwanza. Unakoroga, unaweka motoni, unasonga mpaka ung'ae. Karafuu mbili."

Yule mama alikuwa ameshageuza cheti chake, anaandika nyuma. "Unakunywa asubuhi au jioni?"

"Sinywi. Napaka."

"Unapaka wapi, Bibi? Magotini?"

"Kwenye kitabu," Bibi alisema, tayari ameanza kushuka ngazi, mkono mmoja relini. "Halafu natoka nje."